Hesabu ya Ncha Zilizokauka

Jumamosi, Januari 3

Bismillahi. Mti umefika saa nne asubuhi. Urefu kutoka udongoni hadi jani la juu: mita moja na nusu na vidole vinne. Majani kumi na moja. Ncha zilizokauka: tatu.

Marwa, mhariri wangu redioni kwa miaka sita, amepanda ndege ya Nairobi adhuhuri. Desemba alipigiwa simu tatu na mtu asiyejitaja; ya tatu ilimtajia rangi ya lango la shule ya mwanawe. Mti ameniachia mimi. Anauita areka. Ni jamii ya mnazi, wa kuwekwa ndani, na umekuja na karatasi ya maagizo: maji vikombe viwili kila siku ya nne, yawe matamu, tia kidole kwanza, udongo ukiwa mbichi hadi kifundo cha pili, acha, jua lisiupige, futa majani. Mistari mitatu ya kwanza si mwandiko wa Marwa. Nimemuuliza. Amesema ni wa aliyemwachia yeye. Na huyo yuko wapi? Alihama.

Aliyeupandisha ngazi ni Zakir, mpangaji wa chini, kijana wa miaka thelathini, karani wa ghala la barafu bandarini. Ngazi ina vidato kumi na vinne. Cha nne kimepasuka na Zakir hukiruka kila mara. "Shangazi," akaniambia alipofika juu, "humu mna mti au nanga?"

Bi Umi, mwenye nyumba, alikuja kutazama. Ana miaka sitini na tisa, mzaliwa wa kisiwa cha Koyama. Aliuzunguka mara moja. "Hauzai, hauezekwi, hausukwi mkeka. Wafaa nini?" Nikamwambia ni wa kutazamwa. "Mchu mzima akae atazame jani," akasema kwa lafudhi ya Koyama, akashuka.

Jumapili, Januari 4

Hakuna maji leo. Kidole kimesema bado.

Ijumaa, Januari 9

Niandike jambo lenyewe. Naandika kwa herufi za Kiarabu, kwa lugha yetu ya visiwani, kama nyanya yangu alivyoandika orodha zake za arusi. Mjini wanaoweza kusoma hivi hawafiki kumi na wote nawajua. Daftari linakaa mkobani pamoja na vidonge vya presha.

Oktoba, mzamiaji wa kamba wa miambani aitwaye Shuaibu alichukuliwa na watu watatu kwenye pwani ya kisiwa kimoja. Maiti yake ilipatikana siku ya nne. Alikuwa ameacha kuuza kamba wake kwa mwenye ghala la barafu, akawa anawauza wazima, wangali hai, kwa vyombo vya Kenya. Kamba mzima hahitaji barafu, na asiyehitaji barafu hamhitaji mwenye barafu. Mjini kila mtu anajua nani alituma na hakuna aliyeona. Aliyeona ni mmoja, fundi wa mashua aliyekuwa amelala kivulini chini ya chombo anachokiunda. Wawili kati ya watatu anawajua hadi majina ya baba zao. Alinisimulia kwa dakika thelathini na nane. Jina lake siliandiki hata kwa hati hii. Nitamwita Fundi.

Aliweka masharti mawili. Sauti ibaki kwenye kadi moja, isipite simu wala mtandao. Na isisikike mpaka yeye, mkewe na binti yao wavuke mpaka wa Kenya. Sauti hiyo kila mtu visiwani anaijua. Ikisikika kabla hajavuka, atakwenda alikokwenda Shuaibu.

Kuondoka hivi hivi hawezi. Akipakia mke, mtoto na sanduku kwenye chombo cha mwenzake, adhuhuri kisiwa kizima kimejua, na alasiri mji umejua. Lakini chombo kipya kikishushwa, ada ni fundi na watu wa nyumba yake wawe wa kwanza kukipanda. Fundi asiyempakia mkewe haiamini kazi yake mwenyewe. Siku hiyo hakuna atakayeshangaa. Basi anangoja chombo kiishe. Zimebaki mbao ishirini na mbili.

Kadi aliitia mwenyewe ndani ya kichupa cha vidonge, akakiziba mdomo kwa kalafati, pamba iliyolowa mafuta, akapaka deheni juu kama anavyopaka chombo. "Hiki hakiingii maji," akasema. Mpaka jana kilikuwa ndani ya debe la mchele. Jana nilikwenda kumpa pole mwenzangu wa redioni aliyepekuliwa nyumba: godoro limechanwa, mchele umemwagwa, mikeka imeinuliwa. Kona moja kulikuwa na kopo la mrehani. Halikuguswa.

Leo nimekifukia kichupa chini ya mizizi ya areka, vidole vitatu kutoka kitako cha chungu. Kwa hiyo mti huu usife. Mti uliokufa hutupwa.

Jumanne, Januari 13

Vikombe viwili. Ncha nne.

Jumatatu, Januari 19

Gari la maji ya mto halijapita siku ya sita. Mwenye punda analeta maji ya kisima, na kisima kaskazi hii kimeingia chumvi. Chai inakataa sukari. Nimeupa mti kikombe kimoja badala ya viwili. Ncha tisa. Zinaanza kwa rangi ya manjano, kisha kahawia, kisha zinakatika mkononi.

Nimempigia Fundi. Tunazungumza kama mteja na fundi wake. Nimemuuliza chombo changu kimefika wapi. "Mbao kumi na saba, bimkubwa."

Jumamosi, Januari 24

Simu saa tatu asubuhi. Namba haionekani. Mwanamume, Kisomali safi, sauti ya kutulia. Ameuliza Desemba nilikwenda visiwani kutafuta nini. Nimesema habari za kamba. Akauliza nani alinipa. Nikasema kamba wenyewe. Hakucheka. Akasema nimsalimie Marwa.

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na saba na nimepokea simu kama hizi nyingi. Kipya ni kwamba nilipokata nilikuta mkono wangu wa kushoto umeshika shina la mti.

Jumatano, Januari 28

Vikombe viwili. Ncha kumi na mbili.

Jumatano, Februari 4

Kesho nakwenda Afmadow, bara, kwa habari za ukame, siku tatu. Ufunguo nimempa Bi Umi kama kawaida. Nimemwambia mti usipewe maji, umeshakunywa. Akasema mtoto wa Koyama hafundishwi kulea mnazi. Nikamwambia si mnazi.

Jumapili, Februari 8

Nimerudi jana saa kumi alasiri. Naandika kwa mpangilio.

Mlango ulikuwa umefungwa, kufuli ile ile. Chumba kimefagiliwa. Mti uko mahali pake, lakini jani refu lililotazama dirisha sasa latazama mlango. Udongo umejaa hadi ukingoni. Niliuacha vidole viwili chini. Ni mwororo na una jivu. Juu yake kuna chembe nyeupe. Nimezionja. Chumvi.

Kwetu mnazi mchanga hupandwa na chumvi na jivu shimoni. Kila mtoto wa visiwani amefanya kazi hiyo. Areka huuawa na chumvi, lakini hilo halimo katika mafunzo ya Koyama.

Nimefunga mlango, nimetandaza gazeti, nimeutoa mti. Nimepitisha vidole kila mahali. Kichupa hakipo.

Nimeshuka. Bi Umi amefungua mlango upana wa kiganja. Sikuuliza kitu, yeye ndiye aliyesema: "Mti wako ulikuwa waumwa. Nimeutoa, nimeutia dawa." Hakunitazama usoni. Hakuuliza habari za safari, na Bi Umi huuliza hata habari za mbuzi niliokutana nao njiani. Akafunga, na nikasikia komeo.

Basi kichupa amekiona. Kumuuliza ni kukiri kwamba ni changu na kwamba kina uzito. Kama bado hajajua alichoshika, swali langu litamfundisha.

Zakir alikuwa uani akiosha baiskeli. Amenisalimia vizuri, ameuliza ya Afmadow, kisha amesema kwa utani kwamba bibi yetu siku hizi ana shughuli. Ijumaa alfajiri amempita barabarani akielekea bandarini, ngumi imefumbwa ndani ya buibui, salamu hakuitikia. Bandarini kuna vitu vingi. Ghala la barafu ni kimojawapo.

Nimekaa katika nyumba hii miaka kumi na mmoja.

Nimempigia Fundi. Nimemwambia kazi yake ya kalafati imepotea, na sijui iko kwa nani. Nyuma yake mtu alikuwa akigonga mbao, nikahesabu mapigo sita. "Mbao tisa, bimkubwa," akasema. "Nikikikimbiza kitavuja, na nani atakuwa ndani unajua." Akauliza kama nimeona mtu kuja. Nikasema bado. "Basi nipe mpaka Idi."

Ncha kumi na tisa.

Jumatatu, Februari 9

Hakuna aliyekuja.

Jumanne, Februari 10

Hakuna aliyekuja. Nimeanza kuketi na mgongo ukutani, mbali na dirisha. Nimeliona hilo leo tu.

Alhamisi, Februari 12

Chumvi lazima itoke au mti ufe. Nimeuchekecha udongo wote kwa chekecheke ya unga. Huenda pia nilikuwa bado natafuta. Zakir alikuja kunipa barua ya redioni, akanikuta nimepiga magoti sakafuni, mikono imejaa jivu. Nikamwambia natafuta mchwa. Akachuchumaa akanisaidia. Ana vidole vyembamba, na alivunja kila donge.

Nilipomwambia shida ni maji, akasema barafu yao hugandishwa kwa maji ya mto. Ikiyeyuka ni maji matamu kuliko ya mji mzima. Jioni ameleta kipande kikubwa kama tofali, kimefungwa gunia.

Jumatano, Februari 18

Ramadhani imeingia. Kwa miaka kumi na mmoja sahani ya Bi Umi hupanda ngazi saa ya kufuturu: tambi, muhogo wa nazi, samaki. Leo haikupanda. Aliyepanda ni Zakir na barafu na tende. Tumefuturu mlango wazi. Ni mtu wa adabu, na nimejilaumu kwa kuwa Januari nilihesabu vidato vyake kama vya mtu wa kushukiwa.

Ncha ishirini na sita. Zile za chumvi zinaonekana sasa.

Jumapili, Februari 22

Asubuhi nimekuta mstari wa chumvi kwenye kizingiti changu, kutoka mwimo hadi mwimo, umenyooka kama uliopigwa rula. Mlango wangu umetiwa alama ili mtu asiyeujua asiukosee. Nimeufagia.

Jumatatu, Februari 23

Mstari umerudi.

Alhamisi, Februari 26

Mbao tano. Ncha thelathini. Nimemwona Bi Umi kupitia tundu la mlango, ameinama kwenye kizingiti changu, midomo yake inakwenda. Nilikuwa umbali wa hatua moja kutoka kwake, kati yetu ubao wa mlango, na sikufungua. Nimewahi kuwahoji watu wenye bunduki mapajani. Huyu ni ajuza aliyenikanda mgongo nilipougua.

Jumapili, Machi 1

Barafu ya Zakir. Vikombe viwili. Ncha thelathini na mbili.

Jumamosi, Machi 7

Mbao zimekwisha. Sasa ni kalafati na mafuta, wiki mbili. Fundi amesema mkewe anauliza achukue nini. Amemwambia asichukue kitu. Ndiyo maana analia.

Jumanne, Machi 10

Wamekuja leo saa kumi na nusu, baada ya Alasiri. Watatu. Wawili vijana, mmoja wa umri wangu, mwenye saa kubwa. Walibisha hodi. Mwenye saa alisema samahani kwa funga yangu.

Hawakugusa godoro. Hawakugusa mchele. Vijana walikipita kitanda, wakalipita kabati, wakaenda moja kwa moja kwenye mti. Mmoja alikinyanyua chungu hadi kifuani, akakiachia. Kilipasuka vipande vitano. Walipiga magoti, wakavunja udongo donge moja moja, wakaikunjua mizizi kwa vidole. Hawakusema walichotafuta. Hawakupata kitu.

Hapo ndipo hasira zilipoanza. Godoro, mchele, nguo. Simu yangu waliichukua; namba ya Fundi naijua kwa moyo, na kila simu yake nilikuwa nikiifuta. Mkoba waliumimina kitandani. Kijana mmoja akafungua daftari hili. Akaona Bismillahi juu ya ukurasa, akaanza kusoma herufi moja moja kwa sauti kama mtoto wa madrasa, asipate neno analolijua. Nilimtazama akitamka "kadi" bila kujua ameitamka. "Ni nini hii?" akauliza. Nikasema nyiradi na dua za nyanya yangu. Akalifunga, akaligusisha paji la uso, akaliweka juu ya kabati, mahali pa heshima.

Mwenye saa alisimama mlangoni akaniambia kwa upole kwamba mti ni mzuri, pole.

Waliposhuka nilikaa sakafuni kati ya udongo. Nilipomaliza kuokota vipande vya chungu nilikuwa na mambo mawili mkononi. La kwanza: anayetafuta hana, basi Bi Umi hakuwapelekea. La pili: walijua chungu, na aliyeniona nikichekecha udongo huo ni mtu mmoja tu, aliyechuchumaa akanisaidia.

Kwa mwezi mzima nimemwogopa mtu asiye adui, na kufuturu na aliye.

Bi Umi alipanda na ufagio kabla ya Magharibi. Alisimama nje ya mstari wake wa chumvi.

"Wamekuumiza?"

"Hapana. Bi Umi, ulikikuta kichupa."

"Nilikikuta."

"Ulimpa nani?"

"Mimi nikuulize wewe kwanza," akasema. "Khairati, nimekukosea nini hata ukataka kunitoa nyumbani mwangu?"

Ikabidi anieleze, maana sikumwelewa. Alipoutoa mti alikuta chini ya mizizi kichupa kimezibwa pamba na mafuta, kinanuka, kimefukiwa ndani ya nyumba yake na mtu aliyemwambia mti usiguswe. Kwa mtu wa Koyama hilo lina jina moja: fingo. Hufukiwa ndani ya nyumba ili mwenye nyumba ahame. Bi Umi amehamishwa mara mbili. Mwaka tisini na moja alitoka Koyama na godoro kichwani. Kisha kambi ya Kenya ikafungwa, akarudishwa na lori bila hata hilo godoro. Nyumba hii ndiyo mahali pa kwanza ambapo ameweza kuacha vitu vyake sakafuni bila kuvifunga. Chumvi ya kizingitini ilikuwa ya kuzuia shari yangu isishuke kwake. Mwezi mzima hajalala vizuri kwa ajili yangu.

Nimemwambia kilichokuwa ndani, lakini si sauti ya nani. Amekaa chini juu ya mchele. Tumekaa hivyo mpaka adhana, kisha akafungua kitambaa, tende tatu. Akanipa mbili.

"Kiko wapi, Bi Umi?"

Alikipeleka bandarini Ijumaa ile alfajiri, kwenye ncha ya gati. Akasoma Ayatul Kursi mara saba, akakitupa baharini.

"Fingo ukilitupa, hugeuki nyuma," akasema. "Mimi niligeuka."

"Ukaona nini?"

"Laelea."

Jumatano, Machi 11

Kichupa kilichozibwa na fundi wa mashua hakizami. Kaskazi hii maji huenda kusini, kuelekea visiwani. Kimekuwa baharini siku thelathini na tatu. Anaweza kukiokota mtoto, mvuvi, au mtu anayeuza kamba kwa ghala la barafu. Akikifungua, sauti ni ya mtu aliye hatua mia kutoka hapo, akipaka mafuta chombo.

Nimeazima simu ya Bi Umi. Nimemwambia Fundi kazi yake haikupotea, inaelea, na huenda inakuja kwake.

"Basi nilifanya kazi nzuri," akasema.

Mti umelala usiku mzima mizizi nje, umefunikwa kanga mbichi. Chungu kingine hakuna. Bi Umi ameupanda ndani ya kasha jeupe la barafu aliloliacha Zakir ngazini. Ncha thelathini na nne.

Alhamisi, Machi 12

Zakir amekuja kunipa pole. Barafu kubwa kuliko siku zote. Amesema mji umeharibika. Amelitazama kasha lake na mti ndani.

"Shangazi, mti huu una bahati."

"Una watu wa kuuangalia," nikasema.

Nimemkaribisha tende. Nimemuuliza habari za mama yake. Alipokwenda niliiacha barafu mezani mpaka ikawa maji, nikapima vikombe viwili, nikaumwagilia mti. Maji hayana kosa.

Jumamosi, Machi 14

Nimetembea pwani kutoka gati hadi kwenye miamba. Ndara, chupa za soda, ganda la ngisi. Hakuna.

Jumatatu, Machi 16

Pwani tena. Hakuna. Bi Umi alikuwa upande wa pili, amekunja buibui, anapekua mwani kwa fimbo. Tulipita kama tusiojuana.

Ijumaa, Machi 20

Idi. Sahani imepanda ngazi: kaimati, halua, mkate wa sinia. Zakir amekuja na kanzu mpya kutupa mkono wa Idi. Bi Umi alimpa kaimati tatu, akamwambia asile zote, meno yake bado anayahitaji. Alicheka. Sote tulicheka.

Jumapili, Machi 22

Chombo kinashushwa leo, maji yakijaa, saa nne. Saa sita sina habari. Saa nane sina habari. Kidole nimekitia udongoni mara saba, na siku ya maji si leo. Saa kumi Zakir amerudi kutoka kazini mapema, jambo ambalo hafanyi, na amesimama uani akiongea na simu, kisogo kwangu. Dakika kumi na moja. Sikusikia neno. Saa kumi na mbili sina habari.

Jumatatu, Machi 23

Saa moja na robo asubuhi, simu ya Bi Umi, namba ya Kenya. Hakusalimia.

"Bimkubwa, chombo hakivuji."

Nyuma yake mtoto wa kike alikuwa akilalamika kwamba uji una moshi. Nimemwomba Fundi asikate. Nimemsikiliza yule mtoto hadi vocha ikaisha.

Alhamisi, Machi 26

Kadi haikuonekana, basi tumeanza upya kwa simu. Dakika arubaini na moja, tatu zaidi ya Desemba. Dakika tatu hizo ni za mwanzo: anataja jina lake, la baba yake, la babu yake, na mahali alipolala siku ile. Nimemuuliza mara mbili kama ana hakika. Amesema sauti yake inajulikana, jina litazidisha nini.

Marwa ataihariri Nairobi. Itarushwa Jumatatu. Mimi kabla ya Jumatatu sitakiwi kuwa hapa.

Jumamosi, Machi 28

Ndege saa tano. Begi moja. Nimempa Bi Umi karatasi ya maagizo, nikamsomea, kwa kuwa herufi za Kilatini hazisomi. Chini ya mwandiko wa kwanza na wa Marwa nimeongeza mstari wangu: Usitie chumvi. Nimemwambia ukweli kuhusu mti: kila aliyekaa nao amehama.

Aliutazama mti, kasha na yote. "Mimi nimehamishwa mara mbili bila mti," akasema. "Na uje ujaribu."

Nilimwambia pia kuhusu Zakir, kila kitu, na kwamba naweza kumtafutia mahali Mombasa. Akaniuliza Mombasa ataacha vitu vyake sakafuni mwa nani.

Ncha thelathini na nne.

Mombasa, Jumapili, Aprili 12

Imerushwa, na imerudiwa mara tatu. Naweza kuandika sasa: Fundi ni Mohdhar, wa kisiwa cha Chovai. Mwenye ghala la barafu amekanusha. Mmoja wa wale wawili amekimbia mji, wa pili yupo na hutembea mchana. Kichupa hakijaokotwa, au kimeokotwa na mtu anayenyamaza. Machi niliomba mwingine asikione. Sasa nikipita ufukweni hapa nakitafuta, ingawa maji hayawezi kukileta mpaka huku.

Leo asubuhi Bi Umi amenitumia ujumbe wa sauti. Nauandika kama ulivyo.

"Khairati, ni mimi. Mvua imenyesha, ya kwanza. Nimekinga ndoo tatu, nimeupa vikombe viwili, kidole nimetia. Ncha nimezihesabu, thelathini na nne. Jani jipya latoka, limefumba kama mwavuli. Bado sijaona faida yake. Zakir ameniuliza utarudi lini. Nimemwambia aulize mti."

Hapo amenyamaza lakini hakukata, hajui kukata. Simu ilibaki mkononi mwake, ndani ya chumba changu. Mvua inasikika. Kisha ngazi: mtu anapanda polepole, anaruka kidato kimoja, cha nne. Vishindo vinasimama mlangoni.

"Wanijia mikono mitupu?" Bi Umi anasema, si kwangu. "Mti una kiu. Rudi ukalete barafu."

Kimya cha sekunde sita. Nimezipima.

Kisha vishindo vinashuka. Nimevihesabu mara tano, na kila mara ni kumi na vitatu.